Nyumba ya Mama na Mjomba Asiyeonekana: Ujamaa wa Kuukeni katika Tendi Mbili za Kaskazini

Yapo madai mawili juu ya Waswahili wa kale ambayo husikika mara kwa mara katika mijadala ya fasihi yetu, na ajabu yake ni kwamba aghalabu hutolewa na watu wale wale. Dai la kwanza ni kwamba jamii ya Waswahili, kwa kuwa ni ya Kiislamu, ni jamii ya wanaume tangu kichwa hata ukucha, na kwamba Utendi wa Mwana Kupona ndio hati ya ushahidi wake. Dai la pili ni kwamba zamani za kale, kabla ya kutia mizizi kwa sharia, Waswahili walikuwa watu wa kuukeni, wakihesabu nasaba na kurithishana ufalme kwa upande wa mama, na kwamba kisa cha Fumo Liyongo kimehifadhi kumbukumbu ya zama hizo. Mwanafunzi akiyasikia yote mawili huondoka na picha moja nyepesi: hapo kwanza palikuwa na mama, kisha akaja baba, na fasihi ikaandika ushindi wa baba.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba picha hiyo haisimami mbele ya tendi zenyewe. Hatusemi kwamba hakuna habari ya upande wa mama katika tendi hizi. Ipo, tena ni nzito kuliko wahakiki wengi walivyokubali. Lakini si habari ya nasaba. Ni habari ya nyumba, na tofauti baina ya vitu hivi viwili ndiyo iliyowapoteza wahakiki wa makundi yote mawili.

Yafaa tuanze na maneno. Kiswahili kina jozi nzuri ambayo siku hizi imeanza kusahauliwa, nayo ni kuumeni na kuukeni, yaani upande wa baba na upande wa mama. Mtu akisema kwamba fulani ni jamaa yake wa kuukeni amekwisha kueleza jambo ambalo lugha nyingine hulizungukia kwa maneno mengi. Lakini jozi hii ni ya jamaa tu. Haituambii ni kitu gani kinachopitia upande gani. Nasaba ni kitu kimoja, urithi ni kitu kingine, makazi ya mume na mke ni kitu cha tatu, na mamlaka juu ya watoto ni cha nne. Katika jamii moja vyote vinne vyaweza kufuata upande mmoja. Katika nyingine vimegawanyika. Kosa la wataalamu wa Ulaya wa karne ya 19, Bachofen mnamo 1861, Morgan mnamo 1877 na Engels aliyemfuata Morgan mnamo 1884, lilikuwa kuvifunga vyote katika kitita kimoja na kukiita zama za mama, kana kwamba kila kabila duniani lilipita darasa hilo kabla ya kuhitimu na kuingia darasa la baba. Utafiti wa karne ya 20 uliivunja hoja hiyo. Audrey Richards, katika makala yake ya 1950 juu ya Wabantu wa kati, alionyesha kwamba hata miongoni mwa watu wanaohesabu nasaba kwa mama kuna namna nyingi za kuishi, na kwamba fumbo kubwa la jamii hizo ni mwanamume: yeye ni baba katika nyumba moja na mjomba katika nyingine, na hawezi kuwa mwenye amri kamili katika zote mbili kwa wakati mmoja.

Tusisitize jambo hili, kwa sababu hoja yetu yote imesimama juu yake. Jamii ya kuukeni si jamii inayotawaliwa na wanawake. Ni jamii ambamo damu hupitia kwa mwanamke, ilhali amri hubaki mikononi mwa mwanamume, na mwanamume huyo ni ndugu yake, wala si mumewe. Palipo na nasaba ya kuukeni, basi, hapana budi pawe na mjomba.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kumtafuta. Wadigo wa Kwale na Tanga, ambao wengi wao ni Waislamu, walikuwa na desturi ya kumrithisha mpwa mali ya mjomba wake, yaani mtoto wa dada wa marehemu aliwatangulia watoto wa marehemu mwenyewe. Katika karne ya 20, kadiri sharia ya Kiislamu ilivyozidi kushikwa na mnazi ulivyozidi kuwa mali yenye bei, mizozo ikawa haiishi baina ya wana na wapwa: baba amepanda minazi pamoja na wanawe, akafa, wapwa wakaja kudai. Majirani zao Waduruma walikuwa na utaratibu wa kupendeza zaidi kwa mchunguzi, kwa kuwa waliziweka nasaba mbili sambamba, ukulume na ukuche, ardhi ikifuata ule wa kwanza na mifugo na mali nyingine ya kuhamishika ikifuata huu wa pili. Kusini zaidi wako Wayao, Wamakonde, Wamwera na Waluguru. Na katika Bahari ya Hindi, mbele ya macho ya kila mtu wa Mombasa au Unguja aliyepata kuwa na jirani Mngazija, iko Ngazija, ambako ukoo wa mama huitwa inya, na mashamba na nyumba zilizowekwa chini ya desturi ya manyahuli hushikwa na wanawake wa ukoo, hupita kutoka kwa mama kwenda kwa binti, wala haifai kuziuza hovyo. Huko mume huingia katika nyumba ya mkewe. Na huko mdjomba, kama wanavyomwita, ana sauti katika kila shughuli ya arusi.

Mfano wa Ngazija unatosha peke yake kuitia shaka ile hoja ya kwamba Uislamu ukiingia nasaba ya mama hufa. Wangazija ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii kama watu wa Lamu, na Uislamu wao si wa jana. Waminangkabau wa Sumatra, ambao ni katika jamii kubwa kabisa za kuukeni duniani, nao ni Waislamu. Mary Douglas alipouliza mnamo 1969 kama ujamaa wa kuukeni umehukumiwa kufa katika Afrika, jibu lake lilikuwa kwamba unaweza kustahimili mabadiliko ya uchumi kuliko ilivyodhaniwa. Kwa hiyo anayetaka kudai kwamba Lamu au Pate ilikuwa ya kuukeni kisha ikabadilika kwa sababu ya dini, lazima alete ushahidi wa Lamu na Pate yenyewe. Kutaja dini tu hakutoshi.

Na tuje kwa Liyongo. Utendi unaosomwa sana ni ule wa Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu, wa mwaka 1913. Msomaji anakijua kisa: Liyongo ni mtu wa nguvu zisizo kifani, Wagala wanamwona na kutamani kupata mbegu yake, naye anaozwa mke wa Kigala na kuzaa mwana, sultani wa Pate anamwonea wivu na hofu, anajaribu kumwua, anamfunga, mama yake anampelekea tupa ndani ya mkate wa wishwa kwa mkono wa kijakazi Saada, anatoroka wakati watu wanacheza gungu, mwishowe mwanawe mwenyewe, aliyeahidiwa binti wa sultani, anamdunga sindano ya shaba kitovuni. Liyongo anakwenda kupiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, na watu hawathubutu kuteka maji mpaka mama yake anapokuja kumbembeleza na mwili unaanguka.

Wako wataalamu waliopendekeza kwamba chini ya ugomvi wa Liyongo na Mringwari kuna ugomvi wa kanuni mbili za kurithi ufalme, moja ya mwana wa mfalme na nyingine ya mwana wa dada wa mfalme. Ni pendekezo zuri, na lingeeleza kwa nini shujaa aliye bora kuliko wote hakukaa kitini. Lakini tukiutazama utendi kama ulivyo, na si kama tungependa uwe, tunaona kwamba hakuna ubeti unaomweka dada wa mfalme mahali popote. Wanaosema hivyo wamechukua kanuni kutoka kwa majirani wa Kibantu wakaipachika katika kisa. Yamkini ni kweli. Lakini kweli hiyo haitoki katika utendi.

Kinachotoka katika utendi ni kitu kingine, nacho kinashangaza zaidi. Baba wa Liyongo hana kazi yoyote. Mke wake hana sauti. Mwanawe ni msaliti. Mtu pekee anayemfanyia Liyongo tendo la ujamaa, kutoka gerezani hadi kisimani, ni mama yake, Mbwasho. Yeye ndiye anayelisha, na walinzi wanapokula chakula kizuri yeye ndiye anayebuni mkate wa wishwa ambao walinzi wataudharau. Yeye ndiye anayeitwa na mji mzima unapokuwa na kiu. Hapa mtetezi wa nasaba ya kuukeni atapiga makofi na kusema: mwaona! Lakini na ajibu swali moja. Mjomba yuko wapi? Kama Liyongo ni mtu wa ukoo wa mama yake, basi kufungwa kwake ni jambo la ndugu za mama yake. Miongoni mwa Wadigo au Wangazija wa kale mjomba ndiye angekuwa wa kwanza kwenda kwa sultani, kwa maneno au kwa mishale. Katika utendi wa Kijumwa mama hana kaka. Hana ukoo. Ana jiko, ana kijakazi, ana akili, ana nyumba. Huo si ujamaa wa kuukeni kwa maana ya wataalamu. Ni mama aliyesimama peke yake katikati ya utaratibu ambao, kwa sheria, ni wa kuumeni.

Habari ya Wagala inaelekeza huko huko kwa njia ya pembeni. Wagala wa tendi zetu ni Waoromo, nao Waoromo ni watu wa kuumeni kabisa: mtoto ni wa baba, na ukoo ni wa baba. Kwa desturi yao wenyewe mtoto wa Liyongo angehesabiwa kuwa wa Liyongo. Mshairi, hata hivyo, anawafanya wafikiri kwamba wakipata mbegu ya shujaa tumboni mwa binti yao, mtoto atakuwa wao. Na mwana huyo baada ya kumwua baba yake na kukataliwa Pate anakimbilia kwa Wagala, watu wa mama yake, na huko nako anadharauliwa hadi anakufa. Ni mshairi wa Lamu anayefikiri hivi, si Mgala. Ni yeye anayeona kuwa mtu aliyeharibikiwa upande wa baba hukimbilia nyumba ya mama. Wazo hili ni la thamani, lakini ni wazo la Lamu ya mwaka 1913, katika mji uliokuwa umehukumu mirathi kwa sharia kwa karne nyingi. Tukilichukua kuwa ni sauti ya karne ya 13 au ya 14 tutakuwa tumemsahau mtunzi, na kumsahau Kijumwa, aliyekuwa mshairi, mwandishi wa hati na mchonga mbao wa kupigiwa mfano, ni dhuluma.

Tarihi za miji nazo zina mchezo wa namna hii. Katika Tarihi ya Pate, Mnabahani mgeni anamwoa binti wa mfalme wa Kibatawi, na ufalme unamfuata binti kwenda kwa mumewe. Katika masimulizi ya Kiswahili ya Kilwa, mgeni anamwoa binti wa Mrimba, na mtoto wao ndiye anayekuja kupokea utawala kutoka kwa babu yake wa kuukeni. Hizi nazo zimetajwa kuwa ni mabaki ya nasaba ya mama. Sisi tunaona kuwa ni hila ya wenye tarihi. Mgeni wa kuumeni anahitaji haki ya ardhi, na ardhi inashikwa na wenyeji. Basi tarihi inampitisha mlango wa mwanamke mara moja tu, katika kizazi cha kwanza, halafu mlango unafungwa na hesabu inaendelea baba kwa mwana hadi mwisho wa kitabu. Mwanamke hapa ni daraja, na msafiri akishavuka hana haja tena ya kulitazama.

Kabla ya kumfikia Mwana Kupona tuiulize lugha yenyewe, kwani lugha huhifadhi mambo ambayo washairi hawakusudii kuyahifadhi. Amu, ndugu wa kiume wa baba, ni neno lililotoka Uarabuni. Mjomba silo, neno la Kiarabu la ndugu wa kiume wa mama halikupata makao katika Kiswahili. Waswahili walikubali kumwita ndugu wa baba kwa jina la kigeni, lakini ndugu wa mama wakambakizia jina la nyumbani. Tena kamusi za zamani huonyesha kuwa mjomba lilikuwa neno la kuitikiana, mkubwa na mdogo wakiitana hivyo hivyo, ingawa mpwa lipo kwa ajili ya mdogo. Na Wamijikenda huwaita Waswahili Adzomba, yaani wajomba. Jina hilo halikutolewa kwa sababu ya sura wala dini. Limetokana na kuoana na kukaribishana kwa vizazi vingi baina ya mji na kaya. Lilikuwa jina la watu ambao ukiingia mjini una haki ya kulala barazani kwao.

Lakini tazama yaliyompata. Katika Kiswahili cha leo binamu ni mtoto wa ndugu yeyote wa mzazi, awe wa kuumeni au wa kuukeni. Kwa asili yake neno hili ni mwana wa ami, basi. Watoto wa mjomba na wa shangazi wamemezwa ndani ya neno la upande wa baba, na wasemaji wengi hawajui kwamba wamezwa. Mtu akisema binamu yangu wa upande wa mama, amesema jambo ambalo kwa mizizi ya maneno haliwezekani. Mwanaisimu hatakasirika, kwa kuwa maneno huhama. Mhakiki wa fasihi, hata hivyo, na aone kwamba ujamaa wa kuukeni katika Kiswahili haukuondolewa kwa fatuwa wala kwa amri ya serikali. Umekuwa ukipotea neno baada ya neno.

Basi tumtazame Mwana Kupona binti Mshamu. Utendi wake wa beti 102, uliotungwa kiasi cha mwaka 1858, ni wasia wa mama mgonjwa kwa binti yake Mwana Hashima. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa amefariki mwaka 1856 baada ya maisha ya kupambana na Unguja. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha mwaka 1934 waliupa jina la Kiingereza lenye maana ya mawaidha juu ya wajibu wa mke, na jina hilo limefanya kazi kubwa kuliko utendi wenyewe. Tangu hapo kila mwenye kutaka kuonyesha utii wa mwanamke wa Kiswahili huufungua ukurasa wa mume: kuridhiwa kwake ndiko njia ya pepo, asiamshwe usingizini, asitokwe bila idhini. Mwaka 1991 Ann Biersteker alipendekeza tuusome upya, tusidhani kwamba ni utii mtupu, na tangu hapo kundi la pili limekwenda mbali kuliko yeye, hadi kuufanya kuwa kejeli tangu mwanzo hadi mwisho. Hatuwezi kulikubali kundi hili. Mama aliyeugua mwaka mzima, anayemwomba Mungu na kumwachia binti dua, hana haja ya kufanya mzaha juu ya pepo. Anaamini anayoyasema.

Ila anayasema akiwa ndani ya nyumba gani? Hili ndilo swali ambalo makundi yote mawili yameliruka. Miongoni mwa waungwana wa Lamu na Pate, kama walivyoeleza wachunguzi kama Prins na, baadaye, Middleton, binti hakuhamia kwa mumewe. Mume ndiye aliyehamia. Nyumba ya mawe, pamoja na zidaka zake na chumba chake cha ndani, hupewa binti, au ghorofa huongezwa juu ya nyumba ya mama yake, au nyumba ya pili hujengwa ng'ambo ya uchochoro na kuunganishwa na ya kwanza kwa wikio, ili wanawake wapite bila kushuka njiani. Mwanamume aliyeoa katika nyumba hiyo alikula na kulala katika mali ya ukoo wa mkewe. Likitokea la kutokea na talaka ikatolewa, yeye ndiye aliyechukua viatu vyake.

Tukiiweka nyumba hii chini ya utendi, maneno hayabadiliki hata moja, lakini uzito wake unahama. Mawaidha ya kusafisha nyumba, ya kupanga chumba, ya kumhudumia mume alalapo, ni mawaidha ya mwenye nyumba juu ya mgeni mheshimiwa ambaye ana haki kubwa mbele ya Mungu na haki ndogo juu ya kuta. Adabu ya kumkirimu mgeni ni kali kuliko adabu ya mtumishi kwa bwana, na kila aliyekulia pwani anaijua. Mama hamfundishi binti namna ya kunusurika katika nyumba ya watu. Anamfundisha namna ya kumfanya mtu wa nje asitamani kuondoka. Ndiyo sababu hakuna ubeti unaozungumza juu ya mavyaa. Katika nyimbo na ngano za jamii ambazo bibi arusi huhamia kwa mumewe, mama wa mume ndiye jinamizi la kila usiku. Mwana Kupona, katika beti 102 zinazoeleza kila jambo la ndoa hadi manukato, hana haja naye. Mavyaa yuko mtaa mwingine.

Tusivuke mpaka. Wale watano ambao binti anaagizwa kufungamana nao ni Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Mjomba hayumo. Kama tulivyomkosa katika Liyongo, tumemkosa hapa pia. Hii ndiyo hoja inayotufanya tukatae kuuita ulimwengu wa tendi hizi kuwa wa kuukeni. Nasaba ya Mwana Hashima ni ya Bwana Mataka. Jina lake ni binti Shee. Fungu lake la mirathi, kisheria, ni nusu ya la ndugu yake. Kilichofuata upande wa mama ni paa. Tena si kwa sheria, bali kwa hiba ya baba kwa binti na kwa wakfu, njia ambazo sharia yenyewe inaziruhusu. Wenyeji wa kaskazini hawakupigana na sharia ili kulinda nyumba ya mama. Waliitumia.

Hapo ndipo ulipo udhaifu wa nyumba hii. Manyahuli ya Ngazija yanasimama juu ya ukoo mzima; anayetaka kuuza lazima akabiliane na inya yote, na wajomba wakiwamo. Nyumba ya binti wa Lamu imesimama juu ya nia ya baba na mazoea ya mji. Mazoea yakilegea hapana mjomba wa kuuliza. Katika miongo ya karibuni nyumba nyingi za mawe za Lamu zimenunuliwa na wageni, na kuandikwa kwa mji huo katika Urithi wa Dunia mwaka 2001 kumelinda kuta bila kulinda mwendo wake kutoka kwa mama hadi kwa binti. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1981, inajua mjane, mtoto, mzazi na ndugu, haiijui nyumba. Mwalimu anayeusomesha Utendi wa Mwana Kupona kwa wasichana leo anausomesha kwa watu ambao wengi wao watahamia kwa waume zao, mara nyingi katika nyumba za kupanga, na hivyo anawapa adabu ya mwenye nyumba bila ya nyumba. Ikiwa utendi unaonekana mchungu darasani, uchungu huo haukutiwa wote na Mwana Kupona.

Limebaki jambo moja ambalo waandishi wanaoisifu nyumba ya mama, na sisi tumo, huelekea kulipita haraka. Nyumba hiyo ilifanyiwa kazi na nani? Mwana Kupona anamwonya binti yake asijichanganye na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Onyo hilo latosha kutuambia kwamba wamo ndani, saa zote, jikoni na uani. Mwanamke mtumwa hakuwa na upande wa mama katika mji ule. Alitengwa na jamaa zake alipouzwa, na watoto wake hawakuwa na mjomba wa kumkimbilia. Akiwa suria wa bwana mwungwana, mtoto wake alizaliwa huru na akapata nasaba, lakini ni nasaba ya baba. Kuumeni, ambako tumezoea kukuona kama upande wa mabavu, ndiko kulikokuwa mlango wake pekee. Kadiri mabibi wa nyumba za mawe walivyotilia mkazo nani katoka tumbo la nani, ndivyo walivyozidi kumfungia mtoto wa suria nje ya wikio. Uhakiki unaosherehekea nyumba ya mama hauna budi kuhesabu na gharama hiyo.

Kijumwa alitunga utendi wake mwaka 1913, miaka sita tu baada ya utumwa kufutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Wasomaji wake wa kwanza walijua nyumba zenye kina Saada, na wengine bila shaka walikuwa watoto wa kina Saada. Katika utendi huo yeye ndiye anayekwenda na kurudi baina ya mama na gereza. Yeye ndiye anayeutia mkate mikononi mwa Liyongo mbele ya walinzi. Bila yeye akili yote ya Mbwasho ingebaki jikoni. Kwa Liyongo tunaambiwa mama yake ni nani, na mwana wake ametoka tumbo la kabila gani. Juu ya Saada mshairi anatupa jina na kazi yake tu, wala hasemi ametoka kwa nani.